Anza na Boksi la Sabuni: Ushauri kwa Anayetaka Kujitengenezea Kasha la Kompyuta la Akriliki

Kama uko Songambele, Kyerwa, na umeazimia kujitengenezea kasha la kompyuta kwa akriliki, ile plastiki ngumu angavu ambayo mafundi mabango huchongea herufi, usianze kwa kuagiza akriliki. Pita dukani uombe boksi tupu la sabuni au la biskuti. Tafuta kisu kikali, rula ya chuma, penseli na gundi ya karatasi. Kwa siku za mwanzo huhitaji kingine. Akriliki utaitoa Bukoba au Mwanza, utailipia nauli, itapandishwa na kushushwa njiani, na ukiikata vibaya ndiyo basi. Boksi ukilikosea unaomba jingine.

Ninawaandikia watu wawili hasa. Wa kwanza ni mwenye steshenari, anayechapa barua, kutoa kopi na kuwajazia vijana maombi ya vyuo na ajira kwa kompyuta ya mezani ya mtumba ambayo kasha lake limeliwa na kutu, limepondeka safarini, au halikuja kabisa kwa sababu alinunua vipande. Wa pili ni mwalimu wa somo la kompyuta sekondari, na huyu ndiye ninayemfikiria zaidi. Wanafunzi wake wanajibu mitihani kuhusu mazabodi, prosesa na ram, na wengi wao wamevijua vitu hivyo kwa mchoro wa ubaoni tu. Kasha lenye pande angavu humwezesha mtoto kuona feni ikizunguka juu ya prosesa, kufuata kwa macho waya unaopeleka umeme kwenye diski, kuuliza kile kidude ni nini, bila mwalimu kufungua mfuniko kila kipindi na kulegeza skrubu. Mbao na bati ni rahisi kufanyia kazi kuliko akriliki. Kinachofanya akriliki istahili jasho lako ni huko kuona.

Sasa tuingie kazini. Kasha hujengwa kufuata mashine, kwa hiyo pima mashine kwanza. Tangu Intel ilipotoa vipimo vya ATX mwaka 1995, mazabodi nyingi za kompyuta za mezani zimefuata saizi chache zinazojulikana. ATX kamili ni milimita 305 kwa 244, Micro-ATX ni 244 kwa 244, na Mini-ITX, iliyoletwa na VIA mwaka 2001, ni 170 kwa 170. Pawa saplai ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86, na urefu wake huanzia 140 hivi. Uwazi wa nyuma, pale zinapotokeza soketi za USB, za skrini na za spika, ni 158.75 kwa 44.45. Feni ya milimita 120 ina matundu ya skrubu yaliyoachana 105.

Vinakili vipimo hivi, ila usivitegemee mpaka umepima mashine iliyo mezani kwako. Mitumba mingi inayotufikia ni kompyuta za maofisini, Dell, HP na Lenovo, na hizo zina mambo yake. Utakuta pawa saplai ya umbo la pekee, plagi ya umeme isiyofanana na ya ATX, na swichi ya kuwashia yenye plagi yake yenyewe. Nyingine zikiwashwa bila feni ya mbele au bila kebo ya soketi za mbele hutoa onyo kwenye skrini na kusubiri ubonyeze kitufe kila unapowasha. Kwa hiyo kabla ya kubomoa chochote, washa mashine ikiwa nzima uhakikishe inafanya kazi. Kisha izime, chomoa waya wa umeme, na upige picha kwa simu kila plagi ilipoingia, karibu kabisa, mpaka rangi za waya zionekane. Swichi ya kuwashia usiikate. Ing'oe pamoja na waya na plagi yake, itahamia kwenye kasha jipya kama ilivyo. Feni ya mbele na kebo ya soketi za mbele nazo zihamishe vivyo hivyo.

Kasha kuukuu nalo usikimbilie kuliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ukuta wa ndani uliofungiwa mazabodi, ambao mafundi huuita trei, na ukuta wa nyuma wenye nafasi za soketi na kadi, ndivyo vigumu kuliko vyote kuvitengeneza kwa mkono. Matundu ya mazabodi yakikosewa kwa milimita moja tu, unajikuta unailazimisha bodi ipinde ili skrubu iingie, na bodi iliyopinda hukatika njia zake nyembamba za shaba. Kata trei na ukuta huo kwa grinda, sawazisha kingo kwa tupa, paka rangi ya kuzuia kutu, halafu ujenge akriliki kuvizunguka. Najua wapo wanaotamani kasha liwe akriliki tupu. Mimi nasimama na trei ya chuma. Skrubu zake zinashika, vinguzo vyake tayari vimeinua bodi milimita 6 na nusu hivi juu ya ukuta, na inaunganisha mwili wa pawa saplai na mazabodi, jambo ambalo plastiki haiwezi. Kama kasha lako limeoza lote, tumia kipande cha alumini, na mazabodi yenyewe iwe ramani yako: ilaze juu ya karatasi, chomeka penseli kwenye kila tundu, weka alama.

Ndipo boksi linapoingia. Kata pande 6 kwa vipimo vyako, zishikanishe, weka mashine ndani kama itakavyokaa. Nitatoa mfano wa Micro-ATX: kasha la kusimama lenye kimo cha milimita 400, urefu wa 400 na upana wa 200 linaitosha, pawa saplai ikikaa juu ya mazabodi na diski zikikaa mbele. Ukishaipanga, ingiza mkono wako wote na ujaribu kuchomoa ram. Jaribu kuchomoa plagi kubwa ya umeme, ile yenye pini 24. Jaribu kutoa diski bila kugusa feni. Kama vidole vinakwama, ongeza upana sasa. Kasha ambalo fundi hawezi kuingiza mkono litafunguliwa kwa hasira siku ya kwanza ya tatizo, na akriliki haivumilii hasira. Angalia pia waya zinafika. Waya wa pawa saplai ya kompyuta ndogo ya ofisini ni mfupi, na wengi hugundua hilo wakati kila kitu kimekwisha kufungwa.

Ukiridhika, fumua boksi. Pande zake ndizo michoro yako ya kukatia.

Akriliki nzima huuzwa kwa kipimo cha futi 4 kwa 8, yaani milimita 1,220 kwa 2,440. Kwa kasha la ukubwa niliotaja, chukua ya unene wa milimita 5. Ya 3 hukatika kirahisi lakini hulegea kwenye upande mpana, na kila feni ikizunguka inatetema. Akriliki nzima ya milimita 5 ina uzito wa karibu kilo 18, na kwenye basi la Karagwe au Kyerwa hakuna pa kuilaza. Mwombe muuzaji aikate palepale dukani kwa mashine yake, viraba vya 400 kwa 400. Zinatoka safu 3 za viraba 6, jumla 18. Kasha moja linakula viraba 4: viwili kwa pande kubwa, na viwili vinavyogawanywa katikati kupata mbele, nyuma, juu na chini. Basi akriliki moja inatoa makasha 4 na viraba 2 vinabaki. Ndiyo maana nawashauri watu wachange. Shule na steshenari tatu zikichanga, kila mmoja analipia robo, na mmoja tu ndiye anayesafiri. Kama nyuma utatumia ukuta wa chuma wa kasha kuukuu, mabaki yanaongezeka zaidi.

Muulize muuzaji kama akriliki yake ni ya kumiminwa kwenye ukungu au ya kusukumwa kwenye roli. Ya kumiminwa ni ghali kidogo na ni bora kwa kutoboa. Ya roli huyeyuka haraka mbele ya drili na kuganda kwenye ncha. Na usimkubalie akubandulie karatasi ya juu. Karatasi ile ibaki mpaka siku ya mwisho, kwa sababu akriliki hukwaruzika kuliko kioo, hata kwa mchanga ulio kwenye kitambaa.

Kukata nyumbani hakuhitaji mashine. Chukua kipande cha msumeno wa chuma, kinoe ncha yake iwe kama ndoano. Funga rula kwa klempu juu ya mstari, vuta ile ndoano ukielekea kwako, tena na tena, mpaka mfereji ufike theluthi ya unene. Kwa milimita 5, fanya hivyo pande zote mbili. Kisha weka mstari sawasawa na ukingo wa meza, bana upande mmoja kwa ubao, na upande wa nje ukandamize kwa kiganja mara moja kwa uhakika. Itakatika kwa mlio mkali na ukingo ulionyooka. Anayesitasita ndiye anayepata ufa unaokimbia pembeni. Vaa miwani, vipande vyake vidogo huruka. Ukingo usugue kwa msasa wa namba 240, halafu 400, halafu 1000 ukiwa na maji, umalizie kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Utang'aa.

Kutoboa ndiko kunakoharibu kazi za watu wengi. Ncha ya drili iliyonolewa kwa ajili ya chuma hung'ata akriliki na kuipasua inapotokea upande wa pili. Yasugue makali yake kidogo kwenye jiwe la kunolea ili ikwangue badala ya kung'ata. Weka ubao chini, uubane pamoja na akriliki, anza na tundu la milimita 2 kisha lipanue hatua kwa hatua, drili ikienda polepole, ukidondoshea maji. Ukiona uzi wa plastiki unaoyeyuka badala ya unga au nyuzi kavu, simama ipoe. Tundu lisiwe karibu na ukingo chini ya milimita 10.

Na tundu liwe kubwa kuliko skrubu. Kwa skrubu ya milimita 3, toboa 4. Akriliki hutanuka kwa joto kiasi cha milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Upande wa milimita 400 ukipata tofauti ya nyuzi 20 kati ya alfajiri ya Kyerwa na saa nane mchana chini ya bati lisilo na dari, unatanuka zaidi kidogo ya nusu milimita. Ukiwa umebanwa bila nafasi, nguvu hiyo yote inaishia kwenye tundu, na baada ya miezi unaona nyufa ndogo zikichanua kuzunguka skrubu. Tumia washa pana, ikiwezekana ya mpira, kaza kwa bisibisi ya mkono mpaka iguse, basi. Skrubu za kichwa cha koni usizitumie kabisa. Hupanua tundu kama kabari.

Kuunganisha pande kuna njia mbili, na moja naipenda kuliko nyingine. Mafundi mabango huunganisha kwa klorofomu au kwa kimiminika cha jamii hiyo, ambacho huyeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja. Kazi inatoka safi mno. Lakini mvuke wake unadhuru ini na kulevya, haufai chumbani, haufai kabisa mbele ya wanafunzi, na kasha likishagandishwa halifunguki. Supagluu nayo huacha ukungu mweupe kwenye akriliki usiofutika.

Njia ninayoipenda iko kwa jirani yako anayetengeneza madirisha ya alumini. Karibu kila senta ya biashara siku hizi ina fundi wa namna hiyo, na karakana yake ina vitu ambavyo ungevitafuta mpaka Mwanza: engo za alumini zilizobaki, msumeno wa kukata pembe sawasawa, mashine ya riveti, mpira wa kuzibia kioo. Mwombe vipande vya engo vya milimita 15 au 20. Vipange kwenye kona 4 za kusimama na kingo za juu na chini, funga akriliki kwa skrubu, nati na washa. Upande mmoja mkubwa uwe mlango: skrubu 4 za kufungua kwa vidole. Kasha la namna hii likivunjika upande mmoja unabadilisha upande huo tu. Alumini hiyo pia iunganishe na trei ya chuma kwa skrubu, pasiwe na kipande kirefu cha chuma kinachoning'inia peke yake.

Hewa inahitaji hesabu zaidi kwenye akriliki. Kasha la chuma hupitisha joto kidogo kupitia kuta zake. Chuma cha kawaida hupitisha joto zaidi ya mara 200 ya akriliki. Kwenye akriliki, joto linatoka kwa hewa tu. Mwaka 2000 Apple walitoa Power Mac G4 Cube, kompyuta iliyovishwa akriliki angavu isiyo na feni, hewa ikipanda kutoka chini na kutokea juu. Ilisifiwa kwa uzuri, wateja wakalalamikia mistari kama nyufa kwenye akriliki yake, na mwaka uliofuata ikasimamishwa. Wazo la hewa kupanda ni zuri. Lifuate, ila uweke feni.

Feni ya kuingiza hewa iwe mbele, chini. Ya kutoa iwe nyuma, juu. Hewa hutokea upande wa feni wenye vile vimikono vinavyoshikilia mota, kwa hiyo huwezi kukosea mwelekeo ukiangalia. Tundu la feni likate duara zima. Watu wengi wanaogopa kukata duara, wanatoboa vitundu vingi wakidhani ni sawa. Si sawa: matundu 100 ya milimita 5 yote kwa pamoja hayafiki sehemu moja ya tano ya uwazi wa duara la milimita 115. Chora duara, toboa vitundu vidogo vilivyofuatana ndani ya mstari, viunganishe kwa kijisumeno chembamba, malizia kwa tupa ya mviringo.

Kisha fikiria vumbi. Kuanzia Juni hadi Agosti, barabara za changarawe nyekundu zikikauka, kila pikipiki inayopita inakuletea vumbi mezani. Akriliki ikisuguliwa hujaa umeme tuli na kulivuta. Feni mbili za kuingiza na moja ya kutoa ni mpango mzuri, kwa sababu hewa inayozidi ndani husukuma vumbi nje kwenye mianya badala ya kulinyonya. Mbele ya feni za kuingiza weka wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, na juu yake kipande cha soksi ya nailoni ya kike, kikishikwa kwa fremu unayoweza kuitoa. Kitoe ukioshe kila wiki kiangazi, kila mwezi masika. Wavu huo pia unawazuia mende na mijusi, ambao hupenda joto la pawa saplai na wanaweza kusababisha shoti. Inua kasha kwa miguu ya mpira ya milimita 20 au zaidi, na usiliweke kwenye dirisha la magharibi. Jua la jioni hupita kwenye akriliki moja kwa moja mpaka kwenye diski.

Pawa saplai ibaki ndani ya boksi lake la chuma, hata kama unatamani wanafunzi waone ndani yake. Ndani mna kapasita zinazobeba volti zaidi ya 300, na zinaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Zaidi ya hayo, akriliki inashika moto na kudondosha matone yanayowaka, kwa hiyo kile kiboksi cha chuma ndicho kinga yako. Waya wowote wa volti 230 usipite ndani ya kasha lako nje ya pawa saplai.

Kuna jambo ambalo kasha la chuma lilikuwa likikuambia na la akriliki litanyamaza. Kompyuta nyingi huku kwetu ukizigusa kwa mkono wenye unyevu zinakutekenya. Watu husema kompyuta ni mbovu. Mara nyingi kilichokosekana ni ethi: soketi ina tundu la tatu lakini nyuma yake hakuna waya unaofika kwenye nondo iliyozamishwa ardhini, na chujio la pawa saplai linaacha umeme kidogo kwenye mwili wa chuma. Ukivisha akriliki hutasikia tena mtekenyo, lakini bado upo kwenye kila soketi ya USB. Kabla ya kuhamia kasha jipya, mwite fundi umeme apime ethi, hasa shuleni.

Vile viraba 2 vilivyobaki usivitupe. Kama shule yako inaendeshwa kwa sola, vinatosha kutengenezea vikasha kadhaa vya Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyotoka mwaka 2012, ambayo bodi yake ni milimita 85 kwa 56 na inatumia volti 5 tu. Matundu yake yako kwenye mstatili wa 58 kwa 49, skrubu za milimita 2.5. Vipande viwili, skrubu 4, vinguzo vifupi, pembeni wazi. Kwa kweli mtu ambaye hajawahi kugusa akriliki ningependa aanze na hiki, kabla hajagusa viraba vikubwa.

Ukishafunga kila kitu, iendeshe mashine mlango ukiwa wazi kwa saa nzima, halafu mlango ukiwa umefungwa kwa saa mbili za mchana wa jua, ukifanya kazi nzito, kwa mfano kucheza video huku ukichapa. Soma joto la prosesa kwa programu au kwenye BIOS mara tu baada ya kuiwasha upya. Likipanda nyuzi 10 au zaidi kwa sababu ya kufunga mlango, njia ya hewa ni nyembamba: punguza soksi, panua tundu la kutokea, au sogeza waya zilizokaa mbele ya feni. Likitulia, bandua karatasi. Kuanzia hapo akriliki ifutwe kwa maji yenye sabuni kidogo na kitambaa laini kilicholowa, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Spiriti, petroli na thina zisiikaribie. Huipasua nyufa nyembamba zisizorudi. Na radi zikianza kulia, chomoa plagi ukutani na kebo ya mtandao pia, bila kusubiri mvua ifike.